Sikio lina ufagio wake

Mama yangu alikuwa na unyoya wake wa kuku. Aliuchagua mwenyewe, ule mrefu wa bawa, akaupukutisha mpaka kikabaki kishungi kidogo kwenye ncha, akauosha kwa sabuni na kuuchomeka juu ya mlango wa chumba, mahali ambapo sisi watoto hatufiki. Jioni baada ya kuoga tuliitwa mmoja mmoja. Unalaza kichwa kwenye paja lake, khanga inanukia moshi wa kuni na mafuta ya nazi, anakuvuta sikio na kusema, "Tulia mwanangu, usitikisike." Unyoya unaingia, unazungushwa taratibu baina ya kidole gumba na cha shahada, na raha yake inashuka mpaka kwenye nyayo. Mara nyingine kikohozi kilinijia ghafla, bila mafua wala vumbi, naye akasimama na kucheka: "Umekohoa, basi nimefika penyewe."

Nilikuja kujua ukubwani kwamba kikohozi kile kina sababu. Neva kubwa inayohudumia koo, moyo na tumbo ina tawi dogo lililopita kwenye ngozi ya njia ya sikio. Kwa baadhi yetu, tawi hilo likiguswa, ubongo hudhani kuna kitu kimekwama kooni, nasi tunakohoa. Mama alikuwa amefika kweli. Amefika mahali ambapo hapakutakiwa kufikiwa na unyoya, wala na kitu kingine chochote.

Sasa ana miaka 78. Mwaka jana alianza kupungukiwa na usikivu. Unamuuliza kama amekunywa dawa, anakujibu kwamba mkaa umekwisha. Redio yake, ambayo zamani ilisikika chumbani kwake tu, ikawa inasikika hadi barabarani. Wajukuu wakajifunza kumpigia kelele, na sisi watu wazima tukafanya baya zaidi: tukaanza kuzungumza mbele yake kama vile hayupo. Ada za shule, ndugu waliokosana, paa linalovuja, yote tuliyapanga yeye amekaa palepale kwenye kiti chake akitutazama midomo. "Ni uzee," tuliambiana, na mjadala ukaishia hapo. Naona haya kuliandika hili. Naliandika kwa sababu najua kuna nyumba nyingi ambako mzee amekaa hivyo hivyo leo, akitazama midomo.

Aliyetuamsha ni tabibu wa kliniki ya presha, binti ambaye kwa umri ni mjukuu wa mama. Alimwita jina mara mbili, mama hakugeuka. Binti yule hakutaja uzee. Alichukua kile kifaa chenye taa na koni ndogo nyeusi, akamwashiria kuomba ruhusa, akachungulia sikio la kulia, kisha la kushoto. Halafu akanigeukia. "Baba, bibi si kiziwi. Masikio yote mawili yameziba nta. Njoo uone mwenyewe." Nikainama. Mahali ambapo, alinieleza, ningepaswa kuona ngozi nyembamba ya rangi ya lulu, palikuwa na kitu cheusi kama lami, kinang'aa kidogo, kimejaa njia nzima. Akamuuliza mama, kwa sauti na kwa ishara, anasafishaje masikio. Mama akafungua mkoba wake na kutoa kijiti cha pamba, akakiinua juu kwa fahari ya mtu msafi. "Kila siku, mjukuu wangu. Sikosi."

Kosa letu linaanzia kwenye jina. Tunasema uchafu wa masikio, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kukaa na uchafu mwilini. Lakini kile si uchafu uliotoka nje. Ni nta, na mwili unaitengeneza kwa makusudi. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita mbili na nusu. Theluthi yake ya nje imeshikwa na gegedu, ina vinyweleo, na ina tezi za aina mbili: moja hutoa mafuta, nyingine ni tezi za jasho zilizopewa kazi tofauti. Mchanganyiko wa majimaji yao na ngozi iliyokufa ndio nta. Ina uchachu kidogo, na uchachu huo huwakatisha tamaa bakteria na fangasi. Inanasa vumbi, inawazuia wadudu wadogo, na juu ya yote haipitishi maji. Mtu wa Pwani ataelewa haraka: mafundi wa majahazi hupaka mbao sifa, mafuta ya papa, ili bahari isiile. Sikio linajipaka sifa yake lenyewe, kila siku, bila kulipwa. Tukiikwangua yote tunaliacha kavu, likiwasha, na kwenye joto na unyevu wa miji kama Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, sikio lililokwanguliwa huwa shamba zuri la fangasi.

Tena sikio lina ufagio. Jambo hili lilinishangaza kuliko mengine yote niliyojifunza katika safari hii. Ngozi ya sehemu nyingine za mwili hupukutika palepale ilipoota. Ngozi ya ndani ya sikio husafiri. Huanzia katikati ya kiwambo, ile ngozi nyembamba ya rangi ya lulu, ikasambaa hadi kingo zake, kisha ikaifuata njia kuelekea nje, kwa mwendo unaokaribia ule wa kucha kukua. Inapotoka huibeba nta pamoja na vumbi lililonaswa. Na kila unapotafuna muhogo, unapopiga miayo, unapozungumza, taya linaitikisa njia na kuisaidia kazi hiyo. Nta ikifika mlangoni hukauka na kudondoka, au hufutwa na taulo. Wengi wetu hatuhitaji kufanya lolote zaidi.

Sasa kilete kijiti cha pamba. Kichwa chake kimejaa karibu upana wote wa njia. Ile nta ya rangi ya asali unayoiona kwenye pamba na kuridhika ndiyo iliyokuwa tayari mlangoni, ikitoka yenyewe. Iliyobaki umeisukuma ndani, kama mtu anayeshindilia pumba kwenye gunia. Inavuka sehemu ya gegedu na kuingia kwenye mfupa, ambako ngozi ni nyembamba na haina nguvu ya kusogeza fungu lililogandamana. Kesho unaongeza. Keshokutwa unaongeza. Siku moja unaoga, maji yanaingia, nta inayanyonya na kuvimba, na sikio linajifunga kwa ghafla. Kwa Kiswahili, mtu asiyetaka kusikia tunasema ametia pamba masikioni. Mama alitia pamba masikioni miaka nenda miaka rudi, akitafuta kusikia vizuri.

Kuziba ndiyo madhara yaliyo mepesi. Kiwambo cha sikio kina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na nyuma yake vimening'inia vifupa vitatu vidogo kuliko vyote mwilini: nyundo, fuawe na kikuku. Mkono uliogongwa kiwiko na mtoto aliyepita mbio unatosha kukitoboa. Nchini Marekani, watafiti wa hospitali ya watoto ya Columbus, Ohio, walichapisha mwaka 2017 hesabu ya watoto waliopelekwa idara za dharura kwa kuumizwa na vijiti vya pamba kati ya mwaka 1990 na 2010. Walifika takriban 263,000, wastani wa watoto 34 kila siku. Wengi walikuwa wakisafishwa masikio, na mara nyingi aliyeshika kijiti alikuwa mtoto mwenyewe, akiiga alichokiona kwa wakubwa. Geuza boksi la vijiti vilivyoko nyumbani kwako. Mengi yana onyo, kwa herufi ndogo, kwamba visiingizwe ndani ya njia ya sikio.

Kijiti hicho chenyewe kilianza kwa mapenzi ya wazazi. Mwaka 1923 Leo Gerstenzang, Mmarekani mzaliwa wa Poland, alimwona mkewe akizungushia pamba kwenye kijiti cha kuchokolea meno ili amsafishe mtoto wao. Akaona hatari ya mbao na pamba inayochomoka, akabuni kijiti kilichokwisha kutengenezwa. Kwa kufuta vumbi kwenye mikunjo ya nje ya sikio, au kupaka dawa kwenye kidonda, ni kifaa kizuri. Ndani ya njia hakina kazi. Na vile vingine tunavyovitumia, njiti ya kiberiti, ufunguo, kifuniko cha kalamu, pini ya nywele, sina haja ya kuvijadili kimoja kimoja. Hata kinyozi wako akishamaliza ndevu na kukunyooshea kijiti, mwambie ahsante, aishie kwenye sikio la nje.

Kuna watu watakaosema, mbona Wajapani wanachokoa masikio yao kwa vijiko vidogo vya mianzi, na mama wa Kijapani humlaza mwanawe kwenye paja vilevile kama mama yangu? Ni kweli, na jibu lake liko kwenye damu. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kuwa aina ya nta inaamuliwa na badiliko la herufi moja tu kwenye jeni iitwayo ABCC11. Watu wengi wa Asia ya Mashariki wana nta kavu, ya kijivu, inayomeguka kama maganda. Sisi Waafrika, kama Wazungu, karibu wote tuna nta ya majimaji, inayonata, ya rangi ya asali hadi kahawia. Maganda makavu huenda yakakokoteka kwa kijiko. Nta yetu husukumwa ikashikamana. Wala hata kule madaktari hawapendi watu wachimbe kwa kina.

Tabibu hakumsafisha mama siku ile. Nta ilikuwa ngumu, na kuilazimisha ingemuumiza. Alituagiza tukailainishe nyumbani kwa siku tano kisha turudi, na maelekezo yake nayaweka hapa kama alivyotupa, kwa sababu ndiyo sehemu ya kazi hii inayofanyika salama nyumbani.

Mafuta ya zeituni yanatosha, ya chupa ndogo ya famasi yenye kitoneshi, si yale ya jikoni yaliyochovywa vijiko. Chupa unaishika kiganjani dakika chache mpaka ipate joto la mwili. Usiibandike motoni, watu wameunguza masikio ya watoto wao kwa mafuta "ya uvuguvugu" yaliyotoka kwenye kijiko juu ya jiko. Dondoshea kwanza nyuma ya mkono wako uone. Mgonjwa analala ubavu, sikio lililoziba likitazama juu. Unalivuta taratibu kwenda juu na nyuma ili njia inyooke; kwa mtoto mdogo unalivuta chini na nyuma. Matone mawili au matatu, mara tatu kwa siku, na kila mara akae vilevile dakika tano hadi kumi. Akiinuka, mafuta yatakayomwagika yafute kwa kitambaa. Usimwekee pamba ndani.

Niliuliza kama hakuna dawa yenye nguvu zaidi. Famasi zina matone ya bikaboneti ya sodiamu na mengineyo. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2018 hayakuona ushahidi kwamba aina moja ya matone inaishinda nyingine, wala kwamba dawa hizo zinashinda maji ya kawaida au ya chumvi. Kinacholainisha nta ni unyevu na subira. Mara nyingi hiyo pekee inatosha: siku zinapita, nta inalegea, na mtu anaamka asubuhi kukuta doa la kahawia kwenye foronya. Usishtuke sikio likizidi kuziba siku mbili za mwanzo. Nta inavimba kabla ya kulegea.

Basi usiku ule nikaketi kwenye mkeka, mama akalaza kichwa kwenye paja langu. Nilikuwa sijawahi kuliona sikio lake kwa karibu namna ile. Ndewe imelegea kwa miaka ya vipuli vizito, na nyuma yake kuna kovu dogo nisilojua habari zake. Nilihesabu matone kwa sauti ingawa hasikii. Alifumba macho. Nadhani naye alikuwa akiukumbuka unyoya.

Lakini kabla hujamtonea mtu yeyote mafuta, jiulize mambo fulani, na jibu likiwa ndiyo, mpeleke kwa tabibu bila kujaribu kitu. Je, sikio linatoka usaha au damu? Linauma sana, au mtu ana homa? Aliwahi kutoboka kiwambo au kupasuliwa sikio? Ameingiwa na mdudu, au mtoto kaingiza punje ya maharage? Maharage yakipata maji huvimba, na betri ndogo ya saa ikilowa huunguza nyama ndani ya saa chache. Mdudu aliye hai ana njia yake: matone ya mafuta ya kula ya kumuua, kama kiwambo ni kizima, halafu tabibu amtoe. Mwenye kisukari au kinga dhaifu naye asijisafishe mwenyewe, hasa kwa maji, maana kidonda kidogo kwenye njia ya sikio lake kinaweza kugeuka maambukizi yanayokula mpaka mfupa. Na usikivu ukikatika ghafla kwa sikio moja, bila maji wala nta, pengine na mlio wa kengele au kizunguzungu, hiyo ni dharura ya neva ya sikio. Nenda siku hiyohiyo. Kungoja wiki mbili ukitia mafuta kunaweza kukugharimu sikio.

Maji yanahitaji uangalifu zaidi kuliko mafuta. Katika baadhi ya nchi watu huuziwa kipira cha mpira cha kujisafishia sikio nyumbani baada ya kulainisha nta. Mimi siwezi kukishauri hapa kwetu, ambako kuna watu wengi waliotoka usaha masikioni utotoni na wana tundu kwenye kiwambo bila kujua. Maji yakipita kwenye tundu hilo yanapeleka vijidudu ndani kabisa. Halafu kuna suala la joto. Mwanzoni mwa karne iliyopita, jijini Vienna, daktari Robert Bárány alikuwa akiwasafisha wagonjwa masikio kwa maji, na akasikia malalamiko ya kizunguzungu. Akagundua kwamba maji ya baridi huyasukuma macho ya mgonjwa kucheza upande mmoja na ya moto upande wa pili, kwa sababu yanatikisa majimaji ya kiungo cha mizani kilicho ndani ya sikio. Utafiti huo ulimpa Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1914, na habari ilimkuta akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi. Maji yasipolingana na joto la mwili, mtu mzima mwenye nguvu zake anaanguka. Mzee wa miaka 78 anavunjika nyonga.

Mishumaa ya masikio, ile mirija ya nta ya nyuki inayowashwa ikiwa imechomekwa sikioni, haivuti kitu. Imepimwa. Yale majivu ya rangi ya nta yanayoonyeshwa mwishoni ni ya mshumaa wenyewe, na watu wameungua nyuso na viwambo. Maji ya kitunguu saumu yanaunguza. Vijiti vipya vyenye kamera inayounganishwa na simu vinamwonyesha mtu njia ya sikio lake, ila mkono unaovishika ni ule ule usiojua kina.

Mwongozo wa madaktari bingwa wa masikio, pua na koo wa Marekani, uliotolewa upya Januari 2017, unasema jambo ambalo ningependa kila familia ilijue: nta isiyomsumbua mtu iachwe. Ila kwa yule asiyeweza kujieleza, mtoto mdogo au mzee aliyepungukiwa na kumbukumbu, mwenye kumhudumia ndiye anayepaswa kuhakikisha masikio yamechunguliwa. Wanaovaa vifaa vya usikivu pia wachunguliwe mara kwa mara, kwa sababu kifaa kinaziba mlango na nta inakosa pa kutokea. Vijana wanaoshinda na hedifoni za kuchomeka wanajiweka kwenye hali ileile. Kuchungulia sikio hakuhitaji mtambo mkubwa wala kusafiri hadi hospitali kubwa kama Muhimbili au KCMC. Tabibu mwenye kile kifaa cha taa anatosha, na ni haki yako kukiomba.

Siku ya sita tulirudi. Binti yule alijaza maji kwenye beseni, akayapima kwa kifundo cha mkono, akaongeza ya moto kidogo, akapima tena. Mama alikalishwa kwenye kiti, taulo begani, akashikishwa bakuli la chuma lenye umbo la figo chini ya sikio. Binti akalivuta sikio juu na nyuma, akaelekeza bomba lisilo na sindano kwenye ukuta wa juu wa njia, asilenge kiwambo, akasukuma polepole. Bomba la kwanza lilirudisha maji meupe. La pili, ya njano. La nne likatoa kitu kilichoteleza na kudondoka bakulini kwa mlio mdogo. Kilikuwa kama mbegu ya ukwaju, cheusi, kirefu kuliko nilivyotarajia, na ndani yake zilikuwa zimesokotana nyuzi nyeupe za pamba.

Mama alikitazama muda mrefu. Kisha sikio la pili likafunguka, na mtu fulani akapita nje kwenye korido akiburuta kandambili. Mama akageuza kichwa kumfuata.

Kwenye bajaji aliziba masikio kwa viganja na kumwuliza kijana dereva kama chombo chake kina kelele namna ile siku zote. Nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye redio na kuipunguza.

Usiku, mdogo wangu nami tulikaa barazani tukizungumza kwa sauti ya chini habari za paa na fundi aliyetaka alipwe kwanza. Tulikuwa tumeshakubaliana kumtumia fedha yote asubuhi. Dirisha la chumba cha mama lilikuwa wazi, taa imezimwa.

"Huyo fundi," sauti ikatoka gizani, "mpeni nusu. Nusu nyingine mpaka mvua inyeshe tuone."